Salamu Zikatwe

Rekodi ilikuwa na urefu wa sekunde ishirini na sita. Niliisikiliza mara tatu kabla ya kumwita Shemdoe.

"Shikamoo, baba," ilisema mashine.

"Marahaba, marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Njema tu, tunamshukuru Mungu. Wote wazima."

"Na wewe mwenyewe, hali yako?"

"Salama. Salama kabisa. Ila mgongo huku chini, na tumbo, tangu alfajiri, kama vile..."

Hapo kengele ya kijani ililia, na ile sauti ya upole ikamwomba akae kwenye benchi asubiri zamu yake. Mzee Ambakisye, mpima ardhi mstaafu, miaka sabini na moja, akakaa. Alisubiri saa mbili na dakika kumi. Mshipa mkubwa wa damu tumboni mwake ulikuwa umeanza kuvuja tangu asubuhi. Ulipasuka akiwa pale pale kwenye benchi, kofia iko magotini. Kwenye fomu ya kifo, penye nafasi ya sababu ya kuchelewa kwa huduma, paliandikwa: *Mgonjwa hakueleza dalili kwa wakati.*

Shemdoe alikuwa mhandisi wa masikio ya mashine ile. Msikizi, tuliiita. Ilikuwa kisanduku cha ukubwa wa sahani, kimebandikwa ukutani kwenye mlango wa kila zahanati katika mikoa mitatu, zahanati mia nne na kumi na nane. Mgonjwa alizungumza nacho. Kilisikiliza maneno, pumzi, kikohozi, mtetemo wa sauti. Kisha kilimpa rangi. Mwekundu aliingia kwa tabibu papo hapo. Wa njano alifuata. Wa kijani alisubiri. Kwa tabibu mmoja mwenye wagonjwa mia na arobaini kwa siku, rangi hiyo ndiyo iliyoamua nani anaonwa akiwa hai.

"Dada Tusa, sikio halina kosa," Shemdoe alisema. "Limesikia kila neno. Kasema salama mara mbili."

"Na ile 'ila' yake?"

"Ilikuwa imeshaamua. Ikifika uhakika wa asilimia tisini na nane inafunga. Tuliiweka hivyo ili foleni iende."

"Shemdoe. Ukivunjika mguu, nikaja kukuona nikakuuliza habari, utanijibuje?"

"Nzuri," alisema bila kufikiri. Akavuta kiti, akakaa. "Nzuri, ila nimevunjika mguu."

"Fungua data ya mafunzo."

Ilituchukua asubuhi nzima. Msikizi ilifundishwa kwa rekodi elfu kumi na moja na mia nne: wagonjwa elfu saba na mia sita, na watu wazima wa afya elfu tatu na mia nane wa kulinganisha nao. Katika rekodi za wagonjwa hapakuwa na salamu hata moja. Zote zilianzia pale mtu anapoulizwa anaumwa wapi. Katika rekodi za wazima zilikuwemo salamu tupu. Mtu asiyeumwa hana cha kueleza. Ukimkatia salamu, unabaki na ukimya, kwa hiyo mafundi waliziacha.

Mashine haikukosea. Ilijifunza kile ilichofundishwa: anayesema hajambo, hajambo.

"Nani aliamuru zikatwe kwa wagonjwa?" Shemdoe aliuliza.

Nilikuwa nimeshaufungua mwongozo kwenye meza. Kanuni ya saba, ukurasa wa kumi na mbili. *Salamu zikatwe. Si sehemu ya maelezo ya ugonjwa, na ni jambo la faragha kati ya mgonjwa na aliyemkaribisha.* Chini yake palikuwa na saini ya mkuu wa Idara ya Sanaa na Lugha, Dokta Tusajigwe Mwambene.

Alisoma jina langu, kisha akanitazama usoni, kana kwamba alitarajia kukuta mtu mwingine.

*

Taasisi ya Mseto ilijengwa kwenye miteremko ya milima ya Uporoto kwa wazo moja ambalo wageni wote walilisifia: mlango mmoja kwa elimu zote. Kwenye korido yetu, chumba cha kwanza walipima nyaya za madaraja kwa kuzigonga na kusikiliza mlio wake. Cha pili walikuza kioo cha jicho kutokana na magamba ya samaki. Cha tatu alikaa Mwaipaja, aliyebuni namna ya kuandika hatua za ngoma kwa alama, na alama zake ndizo zilizotumika kuwafundisha kutembea upya watu waliopooza. Msikizi ilizaliwa katika korido hiyo. Wahandisi walitoa sikio, madaktari wakatoa orodha ya magonjwa, sisi tukatoa maneno.

Ukurasa wa mwisho wa mwongozo ulikuwa na saini tatu. Nilizifuatilia zote. Mhandisi alikuwa ametia saini akiamini daktari amesoma. Daktari aliamini mimi nimesoma. Mimi nilisoma kurasa za lugha tu, kwa kuwa nilijiambia namba si kazi yangu. Watafiti mia sita na arobaini katika jengo moja, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mgonjwa ataijibu mashine salamu kama anavyomjibu mtu. Wote tulikuwa tumelelewa hapa. Wote asubuhi ile ile tulikuwa tumejibiwa "salama" na mtu mwenye homa.

Kwa siku tatu tulipitia vifo vya kwenye foleni vya miezi ishirini na sita tangu Msikizi ifungwe milangoni. Niliweka kigezo kikali: wahesabiwe tu waliopewa kijani kabla hawajataja dalili, na ambao uchunguzi wa baada ya kifo ulithibitisha wangepata rangi nyekundu. Walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka sitini na sita. Vijana walikuwa wachache, kwa sababu vijana waliingia na kusema "tumbo" bila kungoja kuulizwa. Waliokufa ni waliofundishwa adabu vizuri.

Zahanati moja haikuwa na kifo cha namna hiyo hata kimoja. Itekelo, juu kabisa mlimani, wagonjwa tisini kwa siku. Nilitafuta jina lake kwenye kumbukumbu za taasisi nikakuta barua ya nesi mkuu, ya miezi kumi na tisa nyuma. *Kifaa hiki hakiwataki wenye adabu. Nawasalimia mwenyewe langoni mpaka salamu ziwaishe, ndipo nawapeleka kwacho. Naomba mje muone.* Nyuma yake ilibanwa nakala ya jibu. *Tunakushukuru kwa maoni yako. Unakumbushwa kwamba mazungumzo yoyote na mgonjwa kabla ya Msikizi yanachafua data na hayaruhusiwi.* Jibu lilitoka kwa jina langu. Sikuwahi kuiona barua yake. Jibu liliandikwa na programu niliyoiagiza mwenyewe, ili nisisumbuliwe na barua.

Nilipanda Itekelo siku hiyo hiyo. Sista Sikudhani alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, amekaa kwenye kigoda langoni. Nilisimama mbele yake nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye Dokta Tusajigwe?"

"Ndimi."

"Nilidhani utakuwa mzee. Barua yako ilikuwa na kiburi cha mzee."

"Ulikuwa sahihi, Sista. Nimekuja kukuambia hivyo."

"Watu wangapi?"

"Mia mbili na kumi na wawili."

Alimsindikiza bibi mmoja hadi mlangoni, akarudi, akakaa.

"Tangu nikuandikie, ni wangapi kati yao?"

Nilikuwa nayo namba hiyo. "Mia moja sabini na mmoja."

"Nilipewa onyo la maandishi kwa ajili ya kigoda hiki," alisema. "Nikakiacha siku mbili. Siku ya pili nusura nimpoteze mama mmoja wa pale bondeni, nikakirudisha. Sasa niambie, mwenzangu, umekuja kuomba radhi au umekuja kufanya kazi? Kama ni radhi, nina watu hapa."

*

Profesa Ndyanabo, mkurugenzi, alisoma ripoti yangu yote mbele yangu, kurasa kumi na nne, bila kuruka mstari. Kwa hilo namsifu. Kisha aliiweka mezani akailaza mikono juu yake.

"Kuifundisha upya ni muda gani?"

"Wiki kumi na moja. Lazima turekodi wagonjwa upya, pamoja na salamu zao."

"Kifungu cha kumi na nne cha Sheria ya Mashine za Tiba unakifahamu."

"Mashine ikijulikana hadharani kuwa na kasoro inayoua, izimwe ndani ya saa ishirini na nne."

"Haisemi irekebishwe. Inasema izimwe." Alisema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kugawanya. "Kabla ya Msikizi watu elfu mbili mia tatu na kumi walikufa kwenye foleni kwa mwaka. Sasa ni mia sita na tisini. Ukiizima wiki kumi na moja?"

"Mia tatu arobaini na watatu."

"Na ukinyamaza?"

"Ishirini na mmoja."

"Basi tunajadili nini, Dokta?"

"Tunajadili kwa nini hao ishirini na mmoja hawaambiwi."

"Kwa sababu huwezi kuwaambia wao bila kumwambia kila mtu."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimeipiga mara nyingi kuliko yeye, kwa njia mbili tofauti, na kila mara ilitoka hivyo hivyo. Kilichonikasirisha kilikuwa chini ya ripoti yangu: rasimu ya maelezo kwa bodi, ambayo alinisukumia niisome. Ilisema kwamba vifo kadhaa vimechangiwa na *tofauti za kitabia za watumiaji*, na kwamba wananchi waelimishwe *kueleza dalili mapema*.

"Hii inasema wamejiua wenyewe," nilisema.

"Inasema bila kusema. Ndiyo kazi ya maelezo kwa bodi."

"Nina njia nyingine. Weka mtu kila mlango. Asalimie, asikilize, mgonjwa aingie akiwa amemaliza. Itekelo wamefanya hivyo miezi kumi na tisa na hajafa mtu. Tuna watafiti mia sita na arobaini, zahanati mia nne na kumi na nane."

Alicheka kwa dhati. "Unataka nimtoe profesa wa madaraja akasalimie watu mlangoni?"

"Ndiyo. Yeye na wa kansa na wa ngoma. Na mimi."

"Wana miradi, Dokta Tusajigwe."

"Miradi haifi ikisubiri."

"Inakufa. Wewe hujawahi kuomba fedha za darubini." Alisimama. "Na watu watauliza kwa nini wamewekwa milangoni, na tutarudi kwenye kifungu cha kumi na nne. Nakupa hadi Ijumaa utie saini hii. Na usinione mkatili. Mimi natetea watu mia tatu na ishirini na wawili ambao wewe huwaoni, kwa kuwa hawajafa bado."

Nilitoka bila kutia saini. Nilikuwa na hasira, na hasira si hoja, kwa hiyo nilikaa ofisini nikaijaribu kama ambavyo ningejaribu madai ya mtu mwingine. Je, ningekubali mtu anyamaze kwa ajili ya mia tatu? Ndiyo, ningekubali. Je, ningekubali wale ishirini na mmoja wachaguliwe? Kila siku foleni inachagua. Lakini hawa wangechaguliwa kwa heshima yao, na sisi tungekuwa tunajua, na mashine yetu ingeendelea kuwauliza habari za nyumbani ikijua jibu litawaua. Kisha fomu ingewalaumu. Sikupata namba ya kuweka mahali hapo. Nilichopata ni kwamba Ndyanabo hakukataa watu wa kusalimia milangoni kwa sababu ya hesabu. Alikataa kabla hajapiga hesabu.

*

Kubadilisha sikio la Msikizi kulihitaji kibali cha wahandisi watano. Kubadilisha orodha ya magonjwa kulihitaji jopo la madaktari. Maneno inayoyatamka yalihesabiwa kuwa kazi ya sanaa, na kazi ya sanaa ilihitaji saini moja. Hakuna aliyewahi kuona hatari katika hilo.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilitia saini. Dakika arobaini baadaye, kwenye milango yote, mashine iliacha kusema shikamoo. Ilisema hivi:

*Mimi ni mashine, si mtu. Usinisalimie. Ukiniambia hujambo nitaamini kwamba huumwi, na nitakuweka nyuma. Watu mia mbili na kumi na wawili wamekufa hivyo. Kosa ni la walionitengeneza, si lao. Niambie unaumwa wapi.*

Shemdoe alikuja kukaa nami bila kuitwa. Tulisikiliza pamoja.

"Tumbo," alisema mtu wa kwanza, haraka, kama anayekimbizwa. Njano.

"Unasema nini? Rudia," alisema wa pili.

Wa tatu alitukana, tusi refu lenye mama na nyanya wa mashine, kisha akataja sikio linalotoa usaha. Mwanamke mmoja alisikiliza hadi mwisho akauliza, "Kina nani hao?" na alipokosa jibu akaondoka, tuliisikia miguu yake ikienda. Katika saa ya kwanza waliondoka kumi na saba. Mzee mmoja wa zahanati ya ziwani alisubiri tangazo liishe, akasafisha koo.

"Nimekuelewa vizuri, mwanangu. Ahsante kwa kunieleza. Habari za asubuhi lakini?"

Kijani.

Shemdoe alipiga simu kule huku akicheka na kulia kwa pamoja. Tabibu alimwona mzee yule. Alikuwa na malaria, si zaidi.

Ndyanabo aliingia saa tatu. Hakupaza sauti.

"Wizara imepiga. Kesho saa tatu asubuhi zinazimwa zote. Mia tatu arobaini na watatu, Dokta. Kuanzia kesho saa tatu na dakika moja, anza kuhesabu, na usiache kwa wiki kumi na moja."

"Nitahesabu," nilisema. "Na wewe funga maabara. Nipe watu."

"Siwezi kumlazimisha mtu."

"Basi niruhusu niwaombe."

"Waombe," alisema. "Utawajua wenzako."

*

Niliwaandikia wote mia sita na arobaini kwa mkono wangu, si kwa programu. Barua ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema kilichotokea na nani alikifanya. Ya pili ilisema: wiki kumi na moja, mlango mmoja kila mtu, kuanzia kesho, njooni ukumbini saa nane mchana.

Sista Sikudhani alishuka na karatasi moja yenye maswali kumi na moja, aliyoyakusanya kwa miaka thelathini, na orodha fupi ya mambo yanayomfanya mtu akimbizwe ndani bila kuulizwa zaidi. Alisimama jukwaani akatazama viti. Kisha akanitazama mimi.

"Ukumbi huu unaingiza wangapi?"

"Mia saba."

"Mbona nawaona kama wa harusi iliyovunjika?"

Walikuwa tisini na saba, nikijihesabu mimi na Shemdoe. Profesa wa madaraja hakuja. Kutoka Idara ya Tiba walikuja kumi na wanne. Wengine walijibu kwa maandishi: majaribio hayawezi kukatizwa katikati, mimi si mtaalamu wa afya, suala hili ni la Idara ya Sanaa. Barua hiyo ya mwisho ilikuwa na saini tisa chini yake, na zote, kwa mara ya kwanza nilivyojua mimi, zilikuwa za watu walioisoma.

Mwaipaja wa ngoma alinyoosha mkono. "Sista, mgonjwa akianza kunisalimia, nimjibu?"

"Mjibu."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka aishiwe. Watoto, mifugo, mvua, jirani. Kisha nyamaza, umtazame. Hapo ndipo ugonjwa unatoka. Ukimkatiza nakurudisha kwenye ngoma zako."

Watu walicheka kidogo. Msichana wa maabara ya macho aliuliza itakuwaje akikosea, akamweka nyuma mtu asiyestahili.

"Utakuwa umekosea," Sikudhani alisema. "Utaandika jina lake na jina lako kwenye karatasi moja. Ukiogopa hilo, mlango uko pale."

Msichana alitazama mlango. Hakutoka.

Walipokwenda kufungasha, Shemdoe alitandaza ramani ya mikoa mitatu juu ya meza ya ukumbi. Ukiondoa Itekelo, ilikuwa milango mia nne na kumi na saba.

"Tunaanzaje?" aliuliza. "Zenye foleni ndefu?"

"Zenye wazee wengi."

Alichuja. Zilibaki mia mbili na arobaini.

"Zilizo mbali na hospitali."

Mia moja sitini na tatu. Akaongeza zisizo na gari la wagonjwa, na hapo ikawa mia moja na tisa, na hatukuwa na kigezo kingine chenye haki ndani yake. Tulizichukua kwa mpangilio wa wagonjwa wa siku, kutoka juu kushuka. Ya tisini na saba ilikuwa na wagonjwa mia na kumi na watatu. Ya tisini na nane ilikuwa na mia na kumi na wawili.

"Mtu mmoja," Shemdoe alisema. "Tofauti ni mtu mmoja, dada."

"Naona."

Kidole chake kilibaki pale, juu ya jina la kijiji ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Nje, basi la taasisi lilikuwa limeanza kuunguruma. Zilibaki zahanati mia tatu na ishirini bila mtu mlangoni. Nilivuta kiti, nikachukua kalamu, nikaandika jina langu juu ya karatasi, nikamwambia anisomee majina yake, moja moja, na tusiinuke mpaka yaishe.